Kiti cha Mbele

Jumanne asubuhi fundi alikuwa barazani akipinda sketi za shule. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, kanyagio limelegea upande mmoja, na kando yake palikuwa na ndoo ya vipande vya vitambaa. Kwenye baraza hiyohiyo, mlango wa pili, kinyozi alikuwa na mteja wa kwanza. Fundi alikanyaga kwa kasi zaidi kuliko siku zote, maana miguu yake haikutulia tangu usiku, na alipofika katikati ya pindo akaondoka. Cherehani iliondoka, kiti na ndoo vikaondoka, naye akiwa amekaa palepale juu ya kiti. Kinyozi aliliona pengo, akasogeza benchi la wateja likae kivulini, akaendelea na kisogo cha mtu wake.

Fundi alishukia ukingoni mwa ziwa. Alilijua mara moja, kwa sababu alikuwa amesimuliwa kila kitu chake: maji ya kijani karibu, ya bluu mbali, na jiwe lililokaa kama ng'ombe aliyelala. Akamalizia pindo, akakata uzi kwa meno, akalitazama ziwa mpaka akalishiba. Kisha akakanyaga kinyumenyume na kurudi barazani. Sketi zilikuwa na unyevu kidogo, akazianika.

Aliyemsimulia ziwa ni mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa basi dogo lililozungusha wananchi kwenye vivutio vya nchi yao wenyewe: walimu wakati wa likizo, vikundi vya akina mama, wachumba, familia zenye watoto wa kutapika njiani. Kila aliporudi alivua viatu, akanyoosha miguu sebuleni, akaanza. Haki yake apewe, alijua kusimulia. Akikueleza maporomoko unaweza kutafuta taulo.

Walipooana alimpandisha mkewe kwenye basi lililokuwa tupu, akamkalisha kwenye kiti cha mbele, cha kando ya dereva, akamwambia, "Hiki ni chako. Mwakani tunazunguka wote." Fundi alikishonea kiti hicho kifuniko kwa masalio ya gauni lake la harusi, lenye vimaua vya bluu. Mwaka ukaja, basi likawa limejaa. Ukaja mwingine, mama mkwe akawa anaumwa goti. Baadaye ikawa barabara, baadaye mvua, baadaye hakuna hata sababu, ni mwakani tu. Fundi hakugomba. Alikwenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na usiku miguu yake ikaanza kukanyaga usingizini.

Baada ya ile Jumanne alielewa haraka mwendo wa mambo. Safari ilitegemea kitambaa. Khaki ilimpeleka nyikani, kwenye upepo na wanyama wa mbali. Kitambaa cha sketi za shule kilimpeleka ziwani. Gabadini nzito ilimpandisha mlimani, na huko alijifunika koti la mteja lililokuwa likisubiri vifungo. Kitambaa kimoja tu hakukijaribu, kipande cha mwisho cha vimaua vya bluu, alichokihifadhi chini kabisa ya ndoo. Hicho alikiweka kwa ajili ya mahali ambapo bado hakupajua.

Watu walizoea. Mama mmoja alikuja juu, si kwa sababu fundi alikuwa mlimani, bali kwa sababu aliahidiwa blauzi Alhamisi na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kinyozi akamwambia avute subira, atashuka tu. Mafundi wote husema njoo kesho, na huyu angalau alikuwa na sababu. Mumewe alipopata habari aliuliza kama mkanda wa cherehani utahimili ile miinuko. Akaambiwa utahimili. Akasema vizuri, akaomba chai.

Mama mkwe alinuna kwa sababu ya sufuria. Mara ya kwanza fundi alipoondoka, maharage yaliungua jikoni, na bibi yule hakuwa mtu wa kusahau maharage. Lakini aliposikia kwamba flaneli inafika kwenye chemchemi za maji moto, alikuja barazani na kanga mbili na goti lake, akakaa juu ya robota la nguo za watoto wachanga, akasema twende. Huko alitumbukiza mguu, akalalamika maji ni moto. Alipokwisha kuzoea hakutaka kutoka.

Wakiwa pale, mume na mke walikuja kuchota maji kwenye chupa. Mwanamke aliingia majini, na mwanamume akasimama kando akimshikia viatu. Alishika tu, kimoja kila mkono, huku akiangalia watu wengine. Fundi aliona wivu, na hakuwa na pa kuupeleka.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "nchi nzima umeimaliza. Mbona miguu bado inakwenda?"

Fundi alijibu kwamba labda ni kanyagio limelegea.

Wiki iliyofuata mumewe alisema Jumapili anapeleka watu kwenye maporomoko. Fundi alikuwa amefika kila mahali isipokuwa huko, maana huko kulihitaji lesi, na lesi haikuwa imeletwa. Ijumaa ikaletwa, gauni zima la bibi harusi. Aliweka kando sare, mapazia na blauzi ya yule mama, ambaye sasa alikuwa hapokei salamu yake. Jumapili alimpigia mumewe pasi shati jeupe, akamsindikiza mpaka langoni, akasikiliza basi mpaka lisisikike. Hapo akaanza kutembea: chumbani, barazani, jikoni, barazani tena. Kinyozi akamwambia, "Shemeji, utanichimbia sakafu." Alisubiri mpaka alipojua basi limekaribia, akaketi, akakanyaga.

Maporomoko yalikuwa kama yalivyosimuliwa, na fundi alikasirika kidogo kuona mumewe hakuongeza chumvi. Manyunyu yalilowesha lesi. Aliweka cherehani karibu na ukingo wa kutazamia, na mwanamke mmoja aliyekatikiwa na mkanda wa mkoba akaomba ashonewe, naye akamshonea. Kisha basi likaingia. Mumewe alishuka na lile shati, akawakusanya abiria, akaanza maelezo yake kwa sauti ya sebuleni. Alipomwona mkewe alimaliza kwanza sentensi aliyokuwa nayo.

"Umefika," alisema.

"Nimefika. Nataka turudi wote. Nikae mbele."

Mumewe aligeuka kulitazama basi, na fundi naye akatazama. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya kiti cha mbele, juu ya vimaua vya bluu vilivyokwisha kufifia, palikuwa na kisanduku cha barafu cha kuwekea soda. Kilikuwa kimekaa vizuri, kimeegemea. Ilionekana kimekaa hapo miaka. Kama aliyekaa pale angekuwa mwanamke mwingine, fundi angejua la kufanya, na mama mkwe angemsaidia. Lakini kilikuwa kisanduku, chekundu, kifuniko cheupe.

"Sasa soda zitakaa wapi?" mumewe aliuliza. Aliuliza kwa dhati, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo na kukosa jibu.

Abiria mmoja akaita kwamba ana kiu, na dereva akaenda kumfungulia soda. Fundi akakanyaga kinyumenyume. Alilia njiani, na kwa kuwa nguo zilikuwa zimelowa tayari, hakuna aliyetofautisha.

Jioni mumewe alivua viatu, akanyoosha miguu, akaanza. Alimweleza mama yake, akamweleza na mkewe, jinsi maji yanavyoanguka, jinsi manyunyu yanavyokushika ukiwa bado mbali. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Lesi ilikuwa inakauka juu ya kamba nyuma yao.

"Mwakani nitakupeleka uyaone," mumewe akasema.

"Kuona nimeona. Kupelekwa ndiko bado."

Mama mkwe aliinua uso, akamtazama mwanawe, akaanza kulisugua goti. Mumewe alitikisa kichwa kukubali. Ni kweli, alisema, ndiyo maana anasema mwakani.

Asubuhi mumewe alikuja barazani amekumbatia kile kisanduku. Alieleza kwamba barabara za siku hizi zinakitikisa, kinachubuka. Akaomba kishonewe gauni, ikiwezekana la vimaua, kifanane na kiti.

Fundi alishusha futi shingoni, akakipima urefu, akakipima kiuno. Akainamisha ndoo na kutoa kile kipande cha chini. Kinyozi alipoona kitambaa kipya alivuta benchi mapema, akijua pengo linakuja. Fundi aliketi, akakanyaga. Alikanyaga kwa kasi ya kumfikisha kwenye mpaka wowote wa nchi, jasho likamtoka, kanyagio likagonga, uzi ukaisha akatia mwingine. Kila kinyozi alipogeuka, alikuwa bado yupo.

Gauni lilikaa sawasawa. Mumewe alilisifia mshono, hasa pembeni, akakibeba kisanduku mpaka kwenye basi na kukipandisha kiti cha mbele. Akakigeuza kitazame barabara. Kisha akavuta mkanda na kukifunga, polepole, ili kisiumie njiani.