Ukoo wa Ng'ombe Aitwaye Iliki

Ndama wa pili alizaliwa mvua za vuli zikiwa ndiyo zimeshika, na Scholastika hakungoja akauke ndipo ajue. Miguu ilikuwa mifupi kama ya kigoda. Kichwa kipana, paji limetokeza mbele, na kila alipovuta pumzi alikoroma kama mzee aliyelala chali. Alikuwa jike, mwekundu, na macho yake yalikuwa mazuri kabisa.

"Mwingine," alisema Benedikto, mumewe, akiwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Mwingine," Scholastika akaitikia, akaendelea kumpangusa ndama kwa majani makavu ya mgomba.

Wa kwanza, wa mwaka juzi, alikuwa hivyohivyo. Alivimba tumbo akafa hata pembe hazijachomoza. Watu wa Kinole walisema yao: wengine walisema Iliki, ng'ombe wa Scholastika, ametupiwa jicho, wengine kwamba alikula jani lisilolika. Scholastika hakumbishia mtu. Safari ile Benedikto naye alinyamaza. Safari hii hakunyamaza.

"Mama Irene, sina ugomvi na wewe. Lakini Jemadari, dume langu, kapanda ng'ombe wa kijiji kizima. Nenda kwa Prisca, nenda kwa akina Yohana, ndama wao wanaruka kama mbuzi. Ni kwa huyu wako tu tunapata vigoda. Sasa kosa liko wapi?"

"Niambie wewe."

"Liko kwenye tumbo. Tumbo ndilo linalozaa."

Neno hilo Kinole halibishiwi kirahisi. Kwa Waluguru mtoto ni wa tumbo lililomzaa. Ukoo, wao wanauita lukolo, hupita kwa mama, na shamba hufuata hukohuko. Irene, binti yao pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Ngerengere, alikuwa wa lukolo wa Scholastika tangu siku aliyolia kwa mara ya kwanza. Benedikto alimbeba mabegani kumpeleka zahanati, akamsomesha kwa ndizi na machungwa, na ukoo ulipokutana kuzungumza mambo ya Irene, yeye alikaa pembeni na wageni. Hakuwahi kulalamika. Basi, kama mazuri yote ni ya tumbo, aliona ni haki mabaya nayo yawe ya tumbo.

"Jumamosi Twalibu anapanda kutoka Mikese," alisema. "Nitamwambia aje amtazame Iliki."

Twalibu alikuwa mnunuzi wa ng'ombe wa kuchinja. Hakuwa na sababu nyingine ya kumtazama ng'ombe.

Scholastika aliinamisha uso kwa ndama. Iliki alikuwa zawadi ya kaka yake Gervas, aliyempa baada ya mazishi ya mama yao, ili, kwa maneno ya Gervas, asiamke asubuhi akakosa wa kumwamkia. Na kweli, kila asubuhi alimwamkia. Iliki hakuachia maziwa mpaka asikie sauti yake.

Hakujua la kufanya juu ya Jumamosi, ila juu ya pumzi za ndama alijua. Alimwita afisa mifugo wa kata, msichana aitwaye Faraja, aliyefika Alhamisi buti zimejaa tope, pikipiki ameiacha chini kwenye utelezi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu umwone mgonjwa."

Faraja alichuchumaa. Alimpapasa ndama paji, akampima miguu kwa shubiri, akasikiliza mkoromo sikio likiwa ubavuni. Aliuliza habari za yule wa kwanza, akaambiwa.

"Ni kibeti," alisema mwishowe. "Ni ugonjwa wa kurithi. Hakuna aliyemloga, mama, wala hukumlisha mama yake kitu kibaya."

"Si nilisema?" Benedikto alidakia. "Karithi kwa mama."

"Na kwa baba, mzee."

"Baba yake ana afya kunishinda mimi!"

"Ndiyo. Na mama yake ana afya. Huu ugonjwa ni mjanja." Faraja alitazama huku na huku, macho yakatua kwa Scholastika, aliyejifunga kanga moja kiunoni na kujitanda ya pili. "Mama, tuseme kila kiumbe huzaliwa na doti yake. Kanga moja kapewa na mama, moja na baba. Ndani yake mna maagizo ya mwili, na agizo mojamoja wataalamu wanaliita jeni. Sasa, kwenye agizo la kurefusha mifupa, kanga moja ina tundu. Ukizivaa zote mbili, ile nzima inalificha. Unatembea, hakuna anayejua. Ndivyo alivyo Iliki. Ndivyo alivyo na Jemadari."

"Wamejificha," alisema Scholastika.

"Hata wenyewe hawajui. Ila ndama hupewa kanga moja tu na kila mzazi. Akipata nzima hata moja, atakuwa mrefu. Akipewa yenye tundu huku na yenye tundu huku, tundu juu ya tundu, mwili unaonekana."

"Na ndama wa Prisca?" aliuliza Benedikto.

"Ng'ombe wa Prisca hana tundu hapo. Jemadari akitoa kanga mbovu, ya mama inaifunika. Lakini huyo ndama naye anaondoka na tundu." Faraja alisimama, akajikung'uta magoti. "Kinachonishangaza ni hawa wawili kuwa na tundu lilelile. Iliki alitoka wapi?"

"Kwa kaka yangu Gervas, kule juu. Ni mtoto wa Zawadi, na Zawadi mtoto wa yule ng'ombe mkongwe."

"Na Jemadari, mzee?"

Benedikto alikuna kidevu. "Alinipa shemeji Gervas huyohuyo, nilipomsaidia kuchimba matuta. Alikuwa ndama wa..." Akasita. "Wa yule mkongwe."

Scholastika alikunja vidole kama anavyovikunja mtu akiletewa posa: mama, mama wa mama. Aliinua kichwa.

"Baba Irene. Jemadari ni mjomba wake Iliki."

Alimwonyesha mumewe vidole alivyokunja.

"Ni lukolo mmoja. Nyumba hii imerudisha posa za watoto wa watu kwa undugu wa mbali kuliko huo, halafu tumemwoza mtoto kwa mjomba wake."

"Tena mara mbili," alisema Benedikto, na Faraja akaziba mdomo asicheke mbele ya wazee.

Kabla hajaondoka aliwaeleza bila kuwaficha. Ndama apewe maziwa kidogokidogo, mara nyingi, ingawa vibeti wa namna hii aghalabu hawaishi sana. Iliki apandishwe kwa mrija, kwa mbegu ya ukoo mwingine, na atazaa vizuri. Jemadari asipande tena ng'ombe yeyote.

Jioni ile Benedikto alikata mabingobingo mengi kupita haja, akayatupa mbele ya Iliki, asiondoke.

"Kwa hiyo ni nusu kwa nusu," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Hata watu?"

"Nadhani hata watu."

"Sasa Irene..."

Scholastika aliendelea kukamua. "Irene akikasirika husema 'sina neno', halafu anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kwetu hakuna mtu wa hivyo. Ulidhani kaokota wapi?"

Benedikto alicheka kwa puani, kidogo tu.

"Na masikio," akasema.

"Na masikio, maskini mtoto wa watu."

Aligeuka kutazama nje, na Scholastika akamwacha atazame.

Jumamosi Twalibu alifika akihema. "Mzee Ben! Mlima wenu huu unamla mtu magoti. Yuko wapi huyo mama wa vigoda?"

"Huyo hauzwi."

"Hauzwi? Umenipandisha huku nije kunusa karafuu?"

"Chukua dume."

Scholastika alitoka jikoni mbio. "Baba Irene, si ahasiwe tu? Abaki atupe mbolea."

"Na kiangazi tutawalisha nini wote? Iliki ana mtoto." Alikuwa tayari amemfungua Jemadari, aliyemlea kwa chupa tangu akiwa ndama. "Wako nilitaka kumtoa bila hata kuuliza, mama Irene. Wangu nimfiche?"

Walipatana haraka. Twalibu alishika kamba, lakini mkono wa Benedikto haukuiachia, na Twalibu, mtu wa maneno mengi, akatazama pembeni. Scholastika akasogea. Aliukamata mkono wa mumewe akaufungua taratibu, kidole baada ya kidole, kisha akaubakiza ndani ya wake mpaka kwato zilipopotea migombani.