Macho ya Bibi Mok

Macho ya Bibi Mok yaliacha dirisha na paa za mtaa wa Bordesley Green, huku ughaibuni, yakapanda taratibu hadi kwenye mfuko wa maziwa uliotundikwa kando ya kiti chake, yakaganda hapo. Moraa, mhudumu wake, aliyekuwa akikagua mpira unaopeleka maziwa hayo tumboni mwa bibi, aliinua kichwa.

Raymond, mwana wa pekee wa Bibi Mok, alisimama karibu na mlango akiongea Kichina kwenye simu, kwa sauti ya chini ya mtu anayepanga mambo. Hakuona haja ya kutoka nje. Nani angemwelewa? Moraa wa Kisii hakujua Kichina hata cha kuombea maji, na mama mtu, tangu kiharusi kimwangushe, ilisemekana amebaki mwili tu.

Raymond akaendelea. Macho yakaachana na mfuko, yakavuka ukuta, yakatua kwenye kalenda.

"Mungu wangu," Moraa akanong'ona.

Siri ya macho hayo aliigundua wiki iliyotangulia. Alikuwa amemshikia bibi simu, mjukuu aliyeko Leeds akimpigia porojo kwa Kichina, mara macho ya bibi yakakimbilia koti lililoning'inia mlangoni. Moraa akamuuliza mjukuu amesema nini. Mjukuu akacheka: amesema kunanyesha. Wakajaribu tena. Chai: kikombe hakikuwepo, macho yakaenda kwenye birika. Harusi: yakashuka kwenye pete. Mjukuu hakuyaona macho hayo; alidhani Moraa anajifunza maneno tu. Neno likiingia sikioni, macho yalitafuta kitu chenye undugu nalo. Kumbe alikuwemo mle ndani, mzima, siku zote hizo.

Na Moraa hakumwambia mtu. Kwa siku arobaini na moja, zamu ikiisha, alikuwa amefanya wanachofanya wengi wakichoka: kunakili maelezo ya jana kwenye tableti ya kazi na kubadilisha tarehe. Hakuna mabadiliko. Haelewi anachoambiwa. Chini yake, jina lake. Kibali chake cha kukaa nchi hii kilitegemea kazi hiyo hiyo, na alijichukia kwa kulikumbuka hilo kwanza.

Saa nane mchana meneja aliingia na daktari. Meneja alikuwa Brigid, Mkenya mwenzake. Mambo yalikwenda haraka, kama ya watu wanaokubaliana kuuza kabati. Daktari alisoma maelezo: siku arobaini na moja, mgonjwa haelewi kitu. Mwana ameridhia. Maziwa yatasimamishwa Ijumaa, mama aende kwa amani.

"Anaelewa," Moraa akasema. Lilimtoka kwa Kiswahili, kwa woga.

Brigid hakugeuza hata kichwa. "Wee Moraa, usinianzishie. Hizi notes ni za nani? Si ni zako?"

"Nilicopy, madam. Zote."

"Unajua unasema nini? Watakufuta kazi, na mimi nikufuate. Na visa je?"

"Huyu jamaa akiongea kwa simu, mama aliangalia maziwa, halafu kalenda. Anajua ni Ijumaa, madam. Amekaa hapo anajua."

Raymond aliwatazama mmoja baada ya mwingine, asiambulie lolote. Moraa akayarudia yote kwa Kiingereza, pamoja na habari ya kunakili. Brigid alikaa kitandani bila kukaribishwa, uso mkononi.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mwambie kitu," akamwomba Raymond. "Kwa lugha yenu. Neno moja tu, tuone."

Raymond akamwinamia mama yake sikioni, akasema. Moraa hakulijua neno hilo, ila aliliona likifika. Macho hayakwenda kwenye birika, wala mfuko, wala kalenda. Yalimgeukia Raymond usoni, yakatulia. Raymond akasogea upande wa dirisha, yakamfuata. Akarudi upande wa mlango, yakarudi naye.

"Umemwambia nini?" daktari akauliza.

"Mwana," Raymond akasema. Alipiga hatua moja nyuma, kisha nyingine, huku mkono ukipapasa ukuta, mpaka akafika nyuma ya kiti cha mama yake, mahali ambapo macho yale hayangeweza kumfikia. Akasimama hapo.