Visu vya Wifi

Kazi yangu ni kunoa visu, na hakuna kinachonipandisha hasira kama mteja anayeleta kazi halafu haji kuichukua. Mteja mwenyewe akiwa wifi yangu, mke wa kaka, hasira zinakuwa na kelele. Alianza na kisu cha mkate. Akaja na cha nyama, mara mkasi, mara nyembe za kaka. Kila akija ananiambia hana haraka navyo.

Nikavifunga kwenye kitambaa, vinang'aa, nikampelekea mwenyewe huku maneno yangu nimeshayapanga. Nilimkuta jikoni anaponda kitunguu kwa kitako cha kikombe. Mtoto wake mchanga alikuwa analia chumbani, mlango umefungwa. Nilipofungua kile kitambaa, wifi alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Rudi navyo, wifi. Nakuomba."

Maneno yangu yote yalinitoka kichwani. Nikavifunga tena, nikavitoa nje, nikarudi kukaa naye sakafuni. Mimi simumunyi maneno, nikamuuliza: "Unawaza kujiua?"

"Kila siku," akasema. "Na mtoto naye yumo kwenye hayo mawazo. Usimwambie mtu, watamchukua."

Niliogopa. Nikamwambia kunyamaza siwezi, ila anayetaka kumtenga na mwanawe ataanza na mimi. Nikambeba mtoto, tukapitia kwangu kuvifungia vile visu, tukaenda kliniki.

Muuguzi hakushtuka hata kidogo. Alisema ni ugonjwa, unawapata akina mama wengi baada ya kujifungua, na unatibika. Kulikuwa na dawa, na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Kwa sasa asiachwe peke yake, na vitu vyenye makali vikae mbali. Njiani wifi akaniomba nimwambie kaka mimi, yeye hawezi. Kaka alilia kama mtoto, kisha akauliza afanye nini. Tukapangiana zamu, hata za kulala.

Taabu ilikuwa mama yetu, mimi na kaka. Alipopata habari alikuja na tikiti maji kubwa na uso uliokunjwa. Alitaka mjukuu ahamie kwake, na jambo lenyewe lisitoke nje ya familia. Aliomba kisu akate tikiti. Nikamwambia hakuna.

"Nyumba gani haina kisu? Watu watasema nini?"

"Waseme mpaka wachoke," nikamjibu. "Tunamtaka huyu akiwa hai."

Mama alifungua mdomo anipe zangu. Kabla hajaanza, wifi alisimama, akalichukua lile tikiti mapajani mwa mama na kulibamiza kwenye kizingiti cha mlango. Likapasuka, maji yakamrukia mama gauni zima. Wifi macho hakuyainamisha.

"Mimi naumwa, mama. Najitibu, na mwanangu haendi popote. Visu nitavifuata mwenyewe nikipona."

Akamega kipande kwa mkono, akampa.

Mama alikipokea. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa vita. Akala taratibu, akatemea mbegu kiganjani, kisha akaniuliza zamu yake ya kulala hapa ni lini.