Siku Shaylee Alipokataa Kupiga

Hapana, dada yako hakunyimwa kupiga, mjukuu wangu. Alikataa mwenyewe. Nilikuwepo, nimeng'ang'ania waya wa uzio, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka.

Ngoja nikueleze. Softiboli ya chuoni, mchezo ule wa kupiga mpira kwa rungu na kukimbia vituo vinne, ina sheria yake: kocha anaweza kumweka msichana mmoja adake tu uwanjani, halafu mwingine ampigie kwa rungu. Dada yako Shaylee alikuwa wa kudaka. Pale kati ya kituo cha pili na cha tatu mpira haupiti, hata uje unaruka kama panzi. Lakini rungu lake mwaka ule lilikuwa limelala kabisa. Akawa anapigiwa na Brisa, mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Laredo, kule Texas. Brisa akiugusa mpira unakwenda kutua kwenye magari. Ila mpe glavu adake, utacheka!

Sasa siku ile ilikuwa mechi ya mwisho ya wale wa mwaka wa nne hapo nyumbani. Wamepewa maua, wametembezwa uwanjani na wazazi, mama yako analia tu, na upepo wetu huu wa Oklahoma unang'oa kofia za watu. Asubuhi Shaylee aliniambia, "Babu, natamani nipige hata mara moja kabla sijamaliza."

Zamu ya sita kati ya saba, mbili kwa mbili. Msichana wetu yuko kituo cha pili, anayefuata kupiga ni Brisa. Kocha Durbin, mama mwenye huruma yule, akamwita Shaylee. Tuko nyuma yao, tunasikia.

"Leo siku yako. Piga mwenyewe, Brisa atatoka."

Mimi nikadakia, "Mpe rungu mtoto! Mpe!"

Bibi yako Verlene akanivuta shati. "Hebu nyamaza, mzee. Kocha ni wewe?"

Shaylee akaliangalia lile rungu, akameza mate. "Kocha, unataka kunifurahisha au tushinde?"

"Vyote."

"Basi mwache Brisa. Nipatieni pointi moja tu, nitailinda."

Brisa akasema, "Una wazimu, dada? Siku yako hii!"

"Nenda kapige, bwana. Ukikosa nakukimbiza mpaka Laredo."

Akaupiga! Ukagonga ukuta wa mwisho kule, mwenzake wa kituo cha pili akakimbia mpaka kituo cha mwisho, pointi. Tatu kwa mbili.

Zamu ya saba, wageni wanapiga. Akitolewa mmoja tu zaidi, mechi imekwisha, lakini wana mtu kituo cha tatu, akiingia tunakuwa sare. Mpira ukaja chini chini, mkali, pembeni mwa Shaylee. Akajirusha mzima mzima, vumbi jekundu likamfunika. Sikuona kitu. Mara naona mkono, mpira unaruka kwenda kituo cha kwanza, unafika kabla ya mpigaji, Shaylee bado yuko magotini. Refa akakunja ngumi: ametoka! Tumeshinda.

Nilimshika kila aliyepita. "Yule wangu! Yule mwenye vumbi!"

Mama mmoja wa timu ya wageni akanijibu, "Tumekusikia, mzee. Nyama iko wapi?"

Maana kwetu mechi ikiisha tunalisha timu zote mbili, na wageni hupakuliwa kwanza, hasa wakifungwa. Mimi nikakata kidari cha ng'ombe kilichotoka kwenye moshi, Shaylee akagawa mkate wa mahindi, vumbi bado usoni, Brisa akapakua maharage na bamia za kukaanga. Foleni ilipokwisha Verlene akavuta viti.

"Haya, kaeni jamani. Na wewe mpiga kelele."

Tukakaa wote, tukala.