Kibunda cha Kathuri

Nurudin, muuza nyama wa Majimbo kule Embu, kila siku ya mapumziko alifunga duka akaenda peke yake kutafuta mashimo ya Agumba, wale watu wafupi wa kale wanaosemekana walikaa chini ya ardhi kabla ya babu wa babu zetu. Wenzake walitazama mpira. Yeye alitazama mashimo. Na alikuwa amechezewa vya kutosha. Huko Kanyakine jamaa mmoja alimpeleka kwenye "makao ya kale". Alikuwa ameshapiga picha kumi na mbili alipogundua ni choo kilichoachwa nusu. Tangu hapo hakumwamini mtu, hata wa kumwelekeza njia.

Shimo kubwa kuliko yote, aliambiwa, liko Muthara kwa Mzee Bundi, na Jumatatu mzee analifukia apande miraa. Hii ilikuwa Jumamosi. Asipoliona leo, basi.

Sokoni Muthara aliuliza njia kwa muuza miraa mmoja, Kathuri, mwenye macho ya kucheka.

"Kwa Bundi huendi mikono mitupu," Kathuri alisema. "Ngoja nikufungie ile ya heshima. Una mke?"

"Hiyo inahusu nini?"

"Naulizia tu, ndugu yangu."

Akafunga kwa majani ya mgomba, fundo juu ya fundo, polepole kama anayemvisha mtoto nguo za Krismasi. Nurudin alikikagua kile kibunda, akakinusa. Hakuona ujanja. Miraa ni miraa.

Langoni, Mzee Bundi aliona kibunda kabla ya kuona uso. Mkewe alitoka jikoni, akarudi ndani, akatoka tena na leso nyingine.

"Umekuja peke yako?" mzee aliuliza.

"Mimi husafiri peke yangu, mzee."

"Hata kwa jambo kama hili?"

"Hasa kwa hili. Ukija na watu, kila mtu anataka kusema."

"Na nani alikwambia iko hapa?"

"Muthara yote inajua. Ni ya zamani sana, wanasema, na bado iko wazi. Nataka kuiona leo, nipige picha, niende zangu."

"Uende zako!"

"Nimeshaona zingine sita, mzee. Hii ndiyo kubwa."

Jikoni sufuria ilianguka. Mzee alikuwa ameshika panga. Nurudin akarudi hatua moja. Hawa wanaficha kitu, aliwaza, shimo limeshauzwa.

"Kama mmeshampa mtu mwingine, niambieni tu."

Hapo akaingia binti wa nyumba, Kanana, mwalimu, madaftari kwapani. Alitazama kibunda, akashika nguzo ya lango kwa kicheko.

"Kaka, hiyo ni miraa ya posa. Umekuja kuniomba."

"Nimekuja kuona shimo!"

"Nani alikufungia?"

"Kathuri."

"Mjomba wangu. Wewe ni wa tatu tangu Januari."

Mzee aliweka panga chini, lakini kibunda alikuwa ameshakitia kwapani. Walienda shambani wote watatu. Shimo lilikuwa pana kama nyumba, limeota nyasi, mbuzi mmoja ndani yake. Nurudin alilipiga picha kutoka kila upande.

"Nirudishie kibunda changu, mzee."

"Ukirudi. Na wazee wako au bila wao, utasema mwenyewe. Mpaka hapo shimo sifukii."

Akiwa njiani Nurudin alifungua simu ahakikishe hakuna kilichoibwa. Picha kumi na mbili. Katika kumi na moja yuko Kanana, na hakukumbuka kumwambia asimame hapo.