Ramani ya Vichanja

Phelesia, jirani yangu hapa Muhuru Bay, anasema Jumapili wakati wa ibada alimwona Bonface, katibu wa kikundi chetu cha wanawake wanaoanika samaki, akilowesha leso kwa mate na kufuta karatasi ya plastiki nyuma ya nyumba yake. Kwa nini yeye mwenyewe hakuwa kanisani, hakusema. Tena ni yeye aliyedai mwaka juzi kwamba kiboko aliingia jikoni kwake akala ugali. Kwa hiyo sikulifuatilia.

Karatasi za plastiki za kikundi nilizichora mimi, maana mwandiko wangu unasomeka. Zilikuwa nne, za kumulikwa ukutani kwa mashine mbele ya wafadhili wa mradi wetu kule Homa Bay. Kalamu alinunua Bonface, mjini Migori, akaleta za wino unaofutika kwa maji, eti ndizo zilizokuwepo. Akataka nijaze maneno mengi. Nikakataa. Kila karatasi jambo moja: omena, dagaa wetu wa ziwani, ikiwa mchangani, omena iliyooza kwa mvua, vichanja vya kuianikia, halafu ramani. Kila moja niliibandika dirishani, nikarudi nyuma hatua kumi, nikamwita mama Marcella, ambaye hakusoma, aniambie anaona nini. Kwenye ramani alisema vichanja viko ufuoni, mahali pa wote. Nilikuwa nimevipaka kijani, kitu pekee chenye rangi.

Wafadhili watajenga pale ramani itakapoonyesha, na vikihamia shambani kwa Bonface, ndani ya ua wake karibu na ufuo, sisi wanawake kumi na sita tutakuwa tunabisha hodi langoni kwake kila asubuhi kuanika samaki wetu.

Siku ya safari nikaomba kubeba faili lenye karatasi.

"Pumzika, nyar Muhuru," Bonface akasema, akiniita binti wa Muhuru kwa Kijaluo. "Fundi habebi mzigo."

Wenzangu wakacheka. Mimi pia nikacheka, huku nikitazama kidole gumba chake. Ukucha ulikuwa na kijani pembeni. Labda alichuma mboga.

Ukumbini, karatasi tatu za kwanza zilipita vizuri. Wageni walielewa bila kuuliza. Hizo Bonface alizishika wazi tu. Ya nne akaikumbatia kifuani, mchoro ukiwa upande wake.

Nikasimama.

"Katibu, kabla hujaiweka, nipe hiyo niibandike dirishani, mama Marcella aseme anaona nini."

Mama Marcella, kando yangu, akavaa miwani.

Bonface akatoa leso mfukoni, akaanza kufuta kioo cha mashine, ambacho hakikuwa na vumbi. Leso ilikuwa na madoa ya kijani.