Mkaguzi wa Mitaro Mjini Amsterdam

Wobbe Siersma alishuka treni Amsterdam saa nne asubuhi akiwa amefunga mdomo kama mlango wa ghala, na kilichomfungisha mdomo ni nyumba yake.

Siku tatu kabla ya hapo alikuwa amewekeana sharti na mkewe Jitske, mezani, mbele ya kahawa. Jitske alitaka wauze nyumba yao ya kijijini Lytsewier, yenye ngazi za kuvunja wazee viuno na baridi ya kufukuza hata panya, wahamie Leeuwarden kwenye fleti iliyo jirani na binti yao Froukje. Wobbe alitaka atolewe mle akiwa ndani ya jeneza. Ubishi huo ulikuwa na umri wa miaka miwili, tangu astaafu. Ndipo Jitske alipokuja na lake.

"Miaka arobaini na moja nakuomba unipeleke Amsterdam, na kila mwaka una kisingizio," alisema. "Sasa utanipeleka. Tangu tukanyage stesheni asubuhi mpaka tupande treni ya jioni, usiuseme vibaya ule mji hata kwa neno moja. Ukiweza, sitataja tena fleti mpaka mmoja wetu azikwe. Ukishindwa, Jumatatu tunampigia dalali."

"Neno moja tu?"

"Moja. Nakujua mimi. Ukianza na moja huna breki."

"Na mguno je?"

Jitske akafikiri, maana alikuwa mwanamke wa haki. "Mguno ruhusa. Nikikunyima mguno utapasuka kifua, nikose mume na nyumba siku moja."

Wakapigana viganja mara tatu, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Sasa, ieleweke Wobbe alikuwa mtu gani. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa mkaguzi wa mitaro. Kwao Friesland, jimbo la kaskazini, ardhi iko chini kuliko bahari, na kila mwenye shamba sharti asafishe mtaro wake kabla ya ukaguzi wa vuli, kwa sababu wa mmoja ukiziba maji hulala shambani kwa wote. Wobbe alikaguliwa na Mungu, wengine wote wakakaguliwa na Wobbe. Wapo wanaoapa mpaka leo kwamba mkulima mmoja, kwa kumwogopa, aliukausha mtaro wake wote, akaufuta kwa taulo za jikoni za mkewe, kisha akaujaza maji upya kwa ndoo. Wobbe akapita, akachungulia, akaokota uzi mmoja wa taulo.

Kwa mtu wa namna hiyo Amsterdam haikuwa mji. Ilikuwa mitaro iliyosahauliwa miaka mia nne, na watu wakapanda ndege kuja kuipiga picha.

Hatua mia tu kutoka stesheni alishaiva kwa hasira. Nyumba zilikuwa zimeegemeana mabega kama walevi wanaosubiri kufukuzwa baa, moja imetanguliza kifua, nyingine imetanguliza makalio, na mbele ya kila moja watu wamepanga mstari kuzisifu. Maneno yakapanda hadi kooni. Akayahisi, mazito, matamu, yamejipanga tayari kutoka. Wobbe akatia mkono kwenye mkoba wa Jitske, akatoa mkate wa sukari uliofungwa kwa chakula cha mchana, akauma pande la ukubwa wa kiatu.

"Hata saa tano haijafika," alisema Jitske.

"Mmh," alisema Wobbe, naye akawa amegundua dawa: mdomo uliojaa mkate hauna nafasi ya tusi.

Dawa hiyo aliitumia asubuhi nzima. Akala mbele ya duka lililouza viatu vya mbao ambavyo mguu wa binadamu usingeingia. Akala mbele ya foleni ya viazi vya kukaanga, ambapo watu wazima walisimama dakika arobaini, wakavipokea, wakavipiga picha, wakaonja viwili, vilivyobaki wakawatupia shakwe. Kwao viazi vya namna ile walipewa nguruwe, na nguruwe angalau walivimaliza. Wobbe alikuwa na mengi ya kusema kuhusu nguruwe. Akauma.

Hatari kubwa ilimkuta kwenye dirisha la duka la jibini. Jibini lilikuwa la rangi ya zambarau. Wobbe, aliyezaliwa zizini kwa sababu mama yake alikataa kuacha kukamua katikati, akasimama mbele ya lile dirisha, akavua kofia kama mtu aliyekutana na msiba.

"Unalionaje, mzee wangu?" aliuliza Jitske kwa sauti ya asali.

"Ni... la zambarau."

"Hilo ni tusi?"

"Ni rangi, mama."

"Umeitamka vibaya."

"Nimeitamka kama ilivyo."

Jitske akamkagua uso. "Haya, inapita. Lakini kwa kuchechemea."

Saa saba wakapanda mashua ya watalii, maana Jitske alisema hakusubiri miaka arobaini na moja aje atembee kwa miguu. Aliyewaongoza aliitwa Rutger, mtu wa makamo, masharubu yamepakwa nta na kusokotwa ncha. Aliinua kipaza sauti, akajikohoza.

"Mabibi na mabwana! Mfereji huu una kina cha mita tatu. Mita moja ya maji, mita moja ya matope, na mita moja ya baiskeli!"

Mashua nzima ikaangua kicheko. Wobbe hakucheka. Mita moja ya matope! Na yule bwana alivyoitaja, ungedhani anatangaza kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza darasani. Kule Lytsewier baiskeli moja ikitumbukia mtaroni, kengele ya kanisa ilikaribia kupigwa. Hapa walizilaza chini maelfu kwa maelfu, kisha wakazigeuza mzaha, kisha wakawatoza watu kiingilio.

"Mzee mwenye kofia," Rutger alimwita kwa kipaza sauti, "mbona hucheki? Mmetoka wapi?"

"Friesland," alijibu Jitske upesi, kwa furaha.

"Aaa, kwa ng'ombe! Na huko mna mifereji?"

"Ipo," alisema Wobbe.

"Mizuri kama hii?"

Vichwa vyote vikageuka. Jitske akaegemea mbele, macho yanamng'aa kama paka aliyesikia kitu kabatini. Wobbe akatazama maji yenye rangi ya supu ya jana. Akatazama kuta zilizofura matumbo. Akafikiria ngazi zake, dirisha lake la jikoni, jiko lake la kuni. Kisha akachukua kipande chote cha mkate kilichobaki, akakishindilia mdomoni kwa viganja viwili.

Alitafuna chini ya madaraja matatu.

"Mmeona?" Rutger aliwaambia wageni. "Uzuri umemshinda hata kusema!"

Mama mmoja wa Kimarekani akampigapiga begani kwa huruma. Jitske alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Waliposhuka ilikuwa saa tisa, mkate umekwisha, na treni ni ya saa kumi na moja. Zilibaki saa mbili tu. Jitske alikwenda kumtafutia Froukje kadi ya posta, na pia kutafuta choo, ambacho katika mji ule kutafutwa kwake ni safari. Wobbe akabaki kwenye daraja dogo lisilo na maduka. Akaegemea ukingo wa chuma akajipongeza. Nyumba ilikuwa kama imeshapona. Kichwani tayari alikuwa ameanza kubadilisha vigae vya upande wa kaskazini.

Kisha akatazama chini.

Kulikuwa na ndege mweusi wa majini, mwenye paji jeupe, amelalia mayai. Kiota chake kilijengwa kwa vikombe vya plastiki, mirija, kipande cha mwavuli na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Pembeni yake povu lilipanda kutoka tumbo la mfereji, likakaa kidogo juu ya maji, likapasuka, likatoa pumzi. Wobbe alivuta pumzi ile mpaka mwisho, kama daktari. Matope ya miaka ishirini, akahesabu. Labda ishirini na tano.

Hakusema neno. Wala hakuguna.

Jitske aliporudi na kadi yake alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka.

"Wobbe."

"Sijasema kitu!"

"Ni nini hicho kwenye daraja?"

Wobbe akageuka. Kwenye chuma cha ukingo, hapo hapo mkono wake ulipokuwa umelala, kulikuwa na unyasi mrefu uliong'olewa kwenye ufa wa ukuta, umefungwa fundo zuri, limekazwa, mkia umechomoza. Hakukumbuka kuung'oa. Hakukumbuka kuufunga. Mikono ilikuwa imefanya kazi bila kumwomba ruhusa.

Kwao, mkaguzi hasemi kitu mtaroni. Ni mwiko wa kazi. Akisema, atabishiwa, akibishiwa, atakaribishwa kahawa, akinywa kahawa, amekwisha. Mtaro ukiwa safi mkaguzi hupita zake kimya. Ukiwa mbaya hung'oa unyasi wa ukingoni, akaufunga kwenye lango la mwenye shamba, mkia ukielekea lilipo kosa, na majirani wote wakausoma wakiwa mbali. Fundo la mizunguko miwili maana yake ni kurudi matopeni na kusafisha upya. Wobbe aliwahi kumfungia mchungaji wa kanisa unyasi langoni asubuhi ya harusi ya binti wa mchungaji, na bwana harusi, aliyesaidia kuusafisha mtaro, akaingia kanisani akiwa na tope hadi magotini.

Jitske akavuka barabara, akaukaribia unyasi, akaweka miwani sawa.

"Hilo si neno," alisema Wobbe.

"Mwambie mchungaji kwamba si neno."

"Mguno uliuruhusu mwenyewe!"

"Mguno hausomeki. Hili nimelisoma kutoka kule. Mkia umeelekea majini, kwa hiyo kosa ni matope. Na mizunguko..." Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena. "Mitatu? Wobbe! Miaka yote niliyokaa na wewe sijawahi kuona mitatu."

Wobbe akaangalia viatu. Mitatu hakuwahi kuifunga. Ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mtaro usiostahili hata kusafishwa, mtaro wa kufukiwa tu na kusahauliwa.

"Kwa hiyo umeutukana mji mzima," alisema Jitske, "na hukuacha hata baiskeli."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana nitakufanyia haki." Akakunja mikono. "Fundo hufunguliwa na mkaguzi mwenyewe, akisharidhika. Si ndivyo? Basi lifungue. Lifungue, useme mbele yangu kwamba mtaro huu umepita, nami sikuona kitu. Nyumba yako. Sitaitaja fleti tena."

Wobbe akamtazama aone kama anamtania. Hakuwa akimtania.

Akaweka vidole kwenye fundo. Lilikuwa jambo la sekunde mbili. Kuvuta mkia na kusema neno moja dogo, na ngazi, dirisha, jiko, vyote vingebaki vyake. Akavuta kidogo. Mzunguko mmoja ukalegea. Chini, povu jingine likapanda, likapasuka. Wobbe akawaona wakulima wote aliowarudisha matopeni kwa miaka thelathini na nane, wamesimama kwenye mitaro yao iliyokuwa safi mara mia kuliko huu, wakimtazama, wakisubiri atasema nini. Huu ukipita, wale wote alikuwa amewaonea. Huu ukipita, yule bwana harusi ana haki ya kuja kudai suruali yake.

Vidole vyake vikashika unyasi, vikaukaza. Mizunguko yote mitatu.

"Mpigie dalali," alisema.

Jitske alikuwa amejiandaa kushangilia, lakini hakushangilia. Akapitisha mkono wake kwenye kwapa la mumewe, wakaanza kwenda stesheni polepole.

"Ni ghorofa ya tatu," alisema. "Kuna lifti."

"Chini kuna mtaro?"

"Chini kuna maegesho ya magari."

Wobbe akaguna mguno mrefu kuliko yote ya siku ile. Wakapita kona moja, na nyingine. Katikati ya uwanja uliojaa watu Wobbe akasimama ghafla kama aliyepigwa na ukuta.

"Mama. Nyumba si imekwenda?"

"Imekwenda."

"Basi sina tena cha kulinda."

"Wobbe, treni..."

Lakini Wobbe alikuwa amevua kofia. Akaanza. Alianzia msingi wa mji, kwenye magogo yaliyooza chini ya nyumba, akapanda nao ukuta kwa ukuta. Akauita mji huo choo chenye makumbusho. Akasema Mungu alipoumba maji hakuyaona maji ya hapa, maana angeghairi. Akasema mtu anayelipa kuelea juu ya matope ya mwenzake na akacheka, huyo apimwe akili. Alisema kwa Kifriezi chake kizito, mikono ikirushwa hewani, mishipa ya shingo imesimama, na hakurudia tusi hata moja. Watu wakaanza kukusanyika. Simu zikainuliwa. Mtu mmoja akaweka sarafu ndani ya kofia.

Msichana mwenye begi kubwa mgongoni akamsogelea Jitske, akamuuliza kwa Kiingereza babu yule anasema nini.

Jitske akamsikiliza mumewe kidogo, akichagua. "Anawakaribisheni mjini," alisema, kisha akakaa juu ya ngazi zilizokuwa karibu, akanyoosha miguu, kwa sababu alijua Wobbe bado hajafika hata orofa ya kwanza.